Chai ya kijani kabla ya harusi: jani hili limetoka wapi, na linafanya nini mwilini



Idi ikishapita na mfunguo mosi ukiingia, kadi za harusi huanza kupangana, na pamoja nazo huja swali lile lile: chai ya kijani inywewe siku ngapi kabla ya harusi ili tumbo liingie ndani na gauni likae vizuri? Madukani pakiti zimejaa, nyingine zina picha ya kiuno chembamba kama cha nyigu. Wapo mabibi harusi wanaoinywa asubuhi badala ya chakula, mchana badala ya chakula, na usiku wakalala nayo. Somo akiuliza, anaambiwa ni majani tu, hayana madhara.

Kabla ya kujibu swali la siku, tumeona tulifuatilie jani lenyewe lilikotoka. Limekaa harusini kwa mamia ya miaka, tena katika nyumba za Waislamu wenzetu. Ila kazi yake huko haikuwa kumpunguza bi harusi.

Tuanze na mti. Chai ya rangi tunayonywa na mandazi, chai ya maziwa na chai ya kijani, zote zinatokana na mmea mmoja, Camellia sinensis. Tofauti hufanyika saa chache baada ya majani kuchumwa. Yakiachwa yanyauke, yakasokotwa na kukaa kwenye hewa, hubadilika rangi kama ndizi iliyomenywa, na hiyo ndiyo chai nyeusi. Yakipashwa moto mapema, kwa mvuke kama wafanyavyo Wajapani au kwa kukaangwa kwenye karai kama wafanyavyo Wachina, mabadiliko hayo husimama na jani hubaki na ukijani wake. Mchaichai wetu, ule wa uani, ni nyasi nyingine kabisa. Una harufu nzuri na tunaupenda, lakini anayeuza mchaichai mkavu kwa jina la chai ya kijani anauza kitu kingine.

Wachina wamelinywa jani hili tangu zama za mbali, kwanza kama dawa. Hadithi zao humtaja mfalme Shennong, ambaye majani yalidondoka ndani ya maji yake yaliyokuwa yakichemka, na hadithi zibaki hadithi. Lililo na uhakika ni kwamba katika karne ya 8 mtu mmoja aitwaye Lu Yu aliandika kitabu kizima juu ya chai: namna ya kuichuma, vyombo vyake, maji ya kuipikia. Wakati huo majani yalishindiliwa yakawa mikate migumu, kisha yakapondwa na kuchemshwa. Chai ya majani matupu, kama tunavyoijua sisi, ilipata nguvu baada ya mwaka 1391, mfalme Hongwu alipoamuru ushuru wa chai uletwe kwa majani, si kwa mikate. Aliona ile mikate inawatesa wakulima.

Na Waislamu waliisikia lini? Mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 851, sawa na 237 Hijria, iliandikwa kwa Kiarabu habari za wafanyabiashara waliosafiri baina ya Ghuba, India na China. Humo umetajwa mmea ambao Wachina huumwagia maji ya moto na kunywa. Una harufu, una uchungu, na huuzwa kila mji. Mwandishi aliuita sakh, na akaeleza kwamba mfalme wa China alijiwekea mapato ya vitu viwili, chumvi na jani hilo. Ni miongoni mwa maelezo ya zamani kabisa ya chai yaliyoandikwa nje ya nchi za mashariki ya Asia, na yaliandikwa na Waislamu.

Mabaharia hao wengi walikuwa wa Siraf, bandari ya Uajemi, na mji huo huo ulipeleka majahazi hadi pwani yetu. Msafiri al-Masudi, aliyeondoka hapa kurudi Oman mwaka 304 Hijria, amewataja watu wa Oman na Siraf waliokuja Qanbalu, kisiwa ambacho wanahistoria wengi wanakihusisha na Pemba. Pale Unguja Ukuu, vigae vya vyombo vya Kichina vya zama hizo vimefukuliwa ardhini. Basi bakuli za China zilifika kwetu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, chai ikabaki nyuma. Tukaja kuwa watu wa kahawa chungu, na chai ikatufikia baadaye sana, kwa njia nyingine.

Huko China jani liliingia katika ndoa. Watu waliamini kwamba mchai haukubali kung'olewa na kupandikizwa pengine: unaota kwa mbegu na hukaa pale pale. Kwa hiyo familia ya mume ilipopeleka posa, chai ilikuwa miongoni mwa zawadi, ishara ya kutulia na kudumu. Mwanamke aliyepokea chai ya watu alikuwa keshachumbiwa, na mpaka leo bi harusi wa Kichina huwapa wakwe kikombe cha chai kwa mikono miwili kama heshima ya kuingia nyumbani mwao. (Wakulima wa leo huipandikiza michai kila siku bila tabu, lakini desturi haikungoja wakulima.) Waislamu wa Kihui, wa Ningxia na Gansu, hunywa chai yao katika bakuli lenye mfuniko, ndani wakitia sukari mawe, matunda makavu na kunazi za Kichina. Mgeni akiingia, hilo ndilo bakuli la kwanza analoshika.

Japani tutapita kwa haraka, ingawa ndiko sifa nyingi za afya zilikotokea. Mtawa wa Kibudha aitwaye Eisai alirudi kutoka China mwaka 1191 na mbegu za chai, na mwaka 1211 akaandika kitabu cha kuisifu kama dawa ya kurefusha maisha. Mwaka 1214 alimpelekea mtawala Sanetomo chai pamoja na kitabu hicho, maana mtawala alikuwa hoi kwa ulevi wa jana yake. Yaani tangazo kubwa la kwanza la chai Japani lilikuwa tiba ya mning'inio wa pombe! Baadaye, mwaka 1738, mkulima wa Uji aitwaye Nagatani Soen alikamilisha njia ya kuyapasha majani kwa mvuke, kuyasokota na kuyakausha, na ndiyo chai ya kijani inayonywewa zaidi Japani mpaka leo.

Sasa tukae kidogo Morocco, kwa sababu hakuna nchi ya Kiislamu iliyolifanya jani hili kuwa lake kama ile. Chai ilifika huko karne ya 18, kwanza kwa masultani na wakubwa, kama zawadi kutoka Ulaya. Mtu wa kawaida hakuijua. Mambo yaligeuka katikati ya karne ya 19. Vita vya Crimea, vya mwaka 1853 hadi 1856, viliwafungia wafanyabiashara wa Kiingereza masoko yao ya upande wa bahari ya Baltiki. Wakabaki na shehena za chai ya kijani ya China, wakaigeuzia Tangier na Essaouira. Bei ikashuka, na jani likaingia mjini, mashambani, na jangwani kwa wafuga ngamia. Lile lililopendwa lilikuwa jani linaloviringwa likawa dogo na gumu kama punje ya baruti, na kwa Kiingereza likapata jina hilo hilo la baruti. Wachina wenyewe huliita chai ya lulu. Wamorocco walikuwa wakinywa nanaa na mimea mingine yenye harufu tangu zamani, wakaviunganisha.

Namna ya kuitengeneza imekuwa adabu kamili. Majani huoshwa kwanza kwa maji ya moto kidogo, yale ya kuondoa uchungu humwagwa, kisha hutiwa nanaa mbichi na sukari, hupikwa, na humiminwa kutoka juu sana ili povu lisimame kwenye gilasi. Aliyemimina huonja kabla hajawapa wageni. Na kwa desturi za zamani, mtengenezaji alikuwa mwenye nyumba mwanamume, au mgeni aliyepewa heshima hiyo. Wanaume wetu wanaosubiri birika liwaletewe barazani wangelijua hili wangelifanyaje?

Sukari yenyewe ilikuja kwa mabonge marefu yenye ncha, yaliyofungwa kwenye karatasi, na mabonge hayo yakawa zawadi ya posa na ya harusi. Familia inayokwenda kuchumbia haiendi mikono mitupu, hubeba sukari. Haikupokelewa bila maswali, maana wapo wanazuoni wa karne ya 19 waliojadili kama sukari ya viwanda vya Ulaya inafaa, kwa khofu ya mifupa na damu ya wanyama iliyosemwa kuwa hutumika kuisafisha. Mwisho wake sote tunaujua kwa utamu wa chai yao.

Upande wa mashariki, Kashmir na Peshawar hupika chai ya kijani kwa hiliki na mdalasini, na Kashmir huongeza zafarani na lozi zilizokatwa, hasa kwenye harusi na siku za Idi. Afghanistan wana chai ya sherehe inayoanza na majani ya kijani, ikatiwa magadi kidogo na kupigwapigwa mpaka iwe nyekundu, kisha maziwa yakaifanya ya waridi, na juu yake hukaa malai mazito. Chai hiyo ni ya uchumba, harusi na sikukuu. Ukiisoma orodha ya viungo hivyo utaona vingi vimo jikoni kwako sasa hivi.

Angalia basi jani lilikaa wapi katika harusi zote hizi. Lilikuwa kwenye sinia la posa na kwenye gilasi la mgeni, mara nyingi na sukari, lozi au malai. Hata hapa kwetu, bibi zetu walipomfungia mwari ndani, ilikuwa apumzike, ale, asingwe kwa singo, angae. Kumnyima chakula wiki mbili kabla ya harusi hakukuwamo.

Na sisi tulipataje chai nyeusi badala ya ya kijani? Ni siasa na biashara za Waingereza. Katika miaka ya 1840 mtaalamu wa mimea Robert Fortune alikwenda China na kukuta kwamba chai ya kijani ya kupelekwa nje ilikuwa ikitiwa rangi ya buluu na jasi ili ipendeze machoni mwa wanunuzi. Mikono ya wafanyakazi ilikuwa imegeuka buluu. Habari hiyo ilipotangazwa, Waingereza waliingiwa na shaka. Wakati huo huo mashamba yao ya Assam na baadaye Ceylon yalikuwa yakitoa chai nyeusi kwa wingi. Wakaja nayo huku: Limuru, Kenya, mchai ulipandwa mwaka 1903, na Wajerumani wakaujaribu Amani, kule Usambara, miaka ile ile. Viwanda vilivyofuata vilikuwa vya chai nyeusi, na ndiyo iliyoingia vikombeni mwetu, ikapewa tangawizi na karafuu. Jina tulilichukua kwa watu wa majahazi, chai, kama wasemavyo Waajemi na Wahindi.

Chai ya kijani ilirudi kwetu miaka ya karibuni kama bidhaa ya urembo, na nyuma yake kuna maabara. Hapa kuna mwanamke anayestahili kujulikana na wasomaji wetu. Michiyo Tsujimura, aliyezaliwa Japani mwaka 1888, alianza kazi ya utafiti katika chuo kikuu cha Hokkaido bila mshahara, kwa sababu chuo hicho hakikuwa kikipokea wanafunzi wa kike. Mwaka 1924, yeye na mwenzake walionyesha kwamba chai ya kijani ina vitamini C. Mwaka 1929 akafanikiwa kuitenga katekini, ile kemikali inayotoa ule uchungu. Mwaka 1932 akawa mwanamke wa kwanza Japani kupata shahada ya udaktari ya kilimo. Ukiona pakiti imeandikwa katekini, au EGCG ambayo ni aina mojawapo, ujue mlango ulifunguliwa na mama huyu.

Katekini zina faida gani? Tuseme yale yenye ushahidi. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uliowafuatilia Wajapani zaidi ya 40,000 kwa miaka 11. Waliokunywa vikombe vitano au zaidi kwa siku walikufa kwa maradhi ya moyo na mishipa kwa kiwango kidogo kuliko waliokunywa chini ya kikombe kimoja, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa wanawake. Kwa saratani hawakuona tofauti. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba chai ndiyo iliyofanya kazi, kwani wanywaji wa chai huenda wana mazoea mengine mema. Lakini ni habari njema, na ukibadilisha soda kwa chai ya kijani isiyo na sukari, umepunguza sukari nyingi kwa siku. Hilo halihitaji maabara.

Kuhusu kupungua uzito, mwaka 2012 wataalamu wa mtandao wa Cochrane walikusanya tafiti 18 zenye watu 1,945 wenye uzito mkubwa. Katika zile zilizofanywa nje ya Japani, wastani wa tofauti baina ya waliotumia chai ya kijani na wasiotumia ulikuwa gramu 40. Gramu arubaini, bi harusi! Karibu uzito wa yai dogo bila ganda. Na hiyo ni baada ya wiki kumi na mbili au zaidi, si siku kumi za mwisho.

Mbona basi wengine wanasema tumbo limeingia? Soma nyuma ya pakiti. Nyingi za zile ziitwazo chai za kupunguza mwili zina senna, nayo ni sanamaki ile ile ya kwenye maduka ya dawa za asili. Sanamaki ni dawa ya kufungua choo. Kilichopungua ni maji na choo, na siku mbili baadaye uzito umerudi. Ukiitumia kila siku unapoteza maji na chumvi za mwili, na si jambo la kumpata mtu anayetarajiwa kukaa saa nzima kwenye joto, amevaa gauni zito, akipigwa picha.

Lililotufanya tuandike makala hii hasa ni damu. Chai, ya kijani na nyeusi pia, ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yatokanayo na mimea: mchicha, kisamvu, maharage, choroko. Utafiti wa kitaifa wa afya Tanzania wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Karibu nusu yetu. Sasa mchukue msichana ambaye tayari damu yake ni ndogo, anapata hedhi kila mwezi, amepunguza kula, na kila tonge analokula analisindikiza na kikombe cha chai ya kijani. Anaingia ndoani amechoka, kichwa kinazunguka, macho meupe, na wengi hushika mimba miezi ya mwanzo. Upungufu wa damu katika mimba ni hatari kwa mama na mtoto. Kwa hiyo, mpenzi, kabla hujanunua pakiti yoyote, nenda ukapime damu. Ni kidole kimoja na sindano moja. Na kama mnatarajia mtoto mapema, uliza pia kuhusu vidonge vya foliki asidi, maana Shirika la Afya Duniani linashauri mikrogramu 400 kila siku tangu mwanamke anapoanza kutafuta mimba hadi wiki ya 12.

Chai yenyewe si haramu wala si sumu. Iweke mbali na chakula, angalau saa moja, na kwenye mlo wa mboga na maharage kamulia ndimu au kula embe, kwani vitamini C husaidia chuma kuingia.

Vidonge na unga wa chai ya kijani uliokolezwa ni suala jingine. Mwaka 2003 Ufaransa na Uhispania ziliondoa sokoni dawa moja ya kupunguza uzito iliyotokana na chai ya kijani, baada ya watu kuumwa ini. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema kwamba chai ya kawaida ya kuloweka kwa jumla ni salama, lakini miligramu 800 au zaidi za EGCG kwa siku kutoka kwenye vidonge zinaweza kuleta dalili za kuumia ini. Kidonge kimoja au viwili vya aina nyingine hufika huko. Sisi tunasema wazi: bi harusi asivitumie. Anayetumia warfarin, au dawa ya presha aina ya nadolol, amuulize daktari hata kuhusu chai yenyewe. Mjamzito anaweza kunywa kikombe, akikumbuka kwamba kina kafeini, kiasi cha miligramu 30, na Shirika la Afya Duniani linawashauri wajawazito wanaopitisha miligramu 300 kwa siku wapunguze. Hesabu iwe pamoja na kahawa na chai ya maziwa.

Na utamu wake? Wengi wanasema chai ya kijani ni chungu kama shubiri, kwa sababu wanaimwagia maji yanayotokota na kuiacha humo. Maji yakichemka, yaepue, yangoje dakika nne au tano. Kijiko kimoja cha chai cha majani kwa kikombe, dakika mbili au tatu, kisha chuja. Majani hayo hayo yanakubali maji mara ya pili.

Kwa usiku wa hina, jaribu ya Kimorocco. Osha majani kwa maji ya moto kidogo na uyamwage, tia fungu zima la nanaa mbichi iliyooshwa, ongeza maji, weka motoni kidogo, na sukari kwa kadiri ya wageni. Mimina kutoka juu. Ukipenda, hiliki mbili zilizopondwa hazitaharibu. Sinia liende kwa wageni kwanza, na bi harusi aliyetoka kula pilau yake angoje ile saa moja.